Gazeti la Chama Liwe Sikio, Si Kinywa Tu

Kila chama cha siasa kina kinywa chake. Kinywa hicho ni viongozi wake, mikutano yake, na gazeti lake ikiwa kinalo. Lakini chama chenye kinywa pasipo masikio hakina tofauti na mtu asemaye usingizini: maneno yake ni mengi, waliomzunguka huyasikia na kutazamana, naye mwenyewe hana habari. Leo twapenda kuzungumza na wanachama na wafanyakazi wenzetu juu ya masikio ya chama, maana juu ya kinywa yamekwisha semwa mengi.

Neno lenyewe ni hili. Habari za siasa za vyama zinazoandikwa katika magazeti yetu, na kusomwa katika redio na televisheni, kwa kiasi kikubwa zimekuwa habari za watu: nani atagombea, nani amekatwa jina, nani amehama, nani hasemezani na nani. Habari za mambo, yaani yale ambayo vyama viliundwa kuyatengeneza, zimesukumwa pembeni. Nalo gazeti la chama, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kuurekebisha mwendo huu, mara nyingi limekuwa la kwanza kuufuata, kwa kuwa kuwasifu watu ni kazi nyepesi kuliko kuyapima mambo. Hasara ya jambo hili haimpati mpinzani wa chama. Humpata mwanachama wa tawi, na mwishowe hukipata chama chenyewe.

Tuanze na asili, maana asiyejua alikotoka hawezi kudai kwamba amepotea wala kwamba amefika. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Wakati ule haikuwa na gazeti, na magazeti makubwa yaliyokuwako hayakuwa yake wala hayakuwa rafiki zake. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alianzisha karatasi ndogo iliyoitwa Sauti ya TANU. Haikuwa na picha za kupendeza wala matangazo ya biashara. Lakini mambo yaliyotendeka wilayani, mbali na macho ya Dar es Salaam, yaliletwa humo yakaandikwa. Mwaka 1958 karatasi hiyo iliandika juu ya matendo ya maofisa wawili wa utawala wa kikoloni, na Mwalimu akapelekwa mahakamani kwa kashfa. Alitiwa hatiani, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende gerezani miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa ajili ya yale waliyoyachapa.

Tazama basi, ndugu msomaji, kilichowapeleka watu wale mahakamani. Hakikuwa sifa walizompa mtu. Kilikuwa malalamiko ya watu wa mbali waliyoyapaza mpaka mwenye mamlaka akakasirika. Gazeti la Uhuru, lililoanza mwaka 1961 Tanganyika ilipopata kujitawala, lilizaliwa katika ukoo huo. Lilirithi kazi ya kusikia kwanza, kisha kusema.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Aliyekuwa akilalamika sasa ndiye aliyekuwa akitawala, na hapo ndipo mtihani wa gazeti la chama ulipoanza hasa. Ni rahisi kusema kweli juu ya serikali ya mwingine. Mwezi wa Februari 1970 Serikali ilitaifisha gazeti la The Standard, na Mwalimu Nyerere akaliandikia mwongozo akieleza kwamba litaitetea siasa ya Ujamaa lakini litakuwa na uhuru wa kuikosoa Serikali na watumishi wake. Mhariri wake, Bibi Frene Ginwala kutoka Afrika Kusini, aliyaamini maneno hayo. Mwaka 1971 gazeti hilo lilichapa tahariri ya kuyalaani mauaji ya Wakomunisti wa Sudan chini ya utawala wa Numeiry, na mara Bibi Ginwala akaondolewa katika kazi ile. Mwaka uliofuata The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU la Kiingereza, likazaliwa Daily News. Somo la mambo hayo halijachakaa: uhuru wa mhariri ulioandikwa katika karatasi hautoshi, ikiwa wale walio juu hawakuzoea kuvumilia siku unapotumika.

Katika miaka ya chama kimoja ilidhaniwa kwamba haja ya masikio imekwisha, maana chama kilikuwa kila mahali, tangu nyumba kumi hadi Taifa. TANU na Afro-Shirazi ziliungana tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM, na gazeti la Uhuru pamoja na Mzalendo yakawa magazeti ya chama kipya. Lakini balozi wa nyumba kumi alipeleka taarifa kwa mkubwa wake, naye mkubwa akaipeleka kwa mkubwa wake, na katika kila ngazi yaliyo machungu yalipunguzwa kidogo na yaliyo matamu yakaongezwa kidogo. Taarifa ilipofika juu ilikuwa imekuwa asali tupu. Gazeti lisingepita ngazi zile. Lingeweza kutoka tawini hadi Makao Makuu kwa siku moja. Ndiyo maana gazeti linalonyamaza huwa hasara kubwa zaidi kwa chama kinachotawala kuliko kwa chama kisichotawala.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa, na katika miaka ile ile magazeti, redio na televisheni za watu binafsi zikaanza kuenea. Mengi yalikuwa mazuri. Mambo yaliyokuwa yakinong'onwa yakachapwa. Hata Mwalimu mwenyewe, alipotaka mwezi wa Machi 1995 kuonya juu ya nyufa alizoziona katika nyumba ya Taifa, aliwaita waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro akazieleza mbele yao: Muungano, Katiba, rushwa, ukabila, udini. Na siku ya Mei Mosi mwaka huo, mbele ya wafanyakazi katika uwanja wa Sokoine mjini Mbeya, alieleza sifa anazopaswa kuwa nazo mtu atakayepewa urais wa nchi hii. Wafanyakazi waliokuwa pale walipewa kipimo cha kuwapimia wote watakaokuja kuomba kura zao. Kazi ya chombo cha habari ingepaswa kuendelea kutoka hapo: kukichukua kipimo kile, na kila baada ya miaka mitano kumpimia kila mwenye kuomba, wa chama hiki na wa chama kile.

Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 wanachama wa CCM zaidi ya 30 waliomba kuteuliwa kugombea urais. Kwa miezi mingi kurasa za mbele zilijaa majina yao: nani ana wafuasi, nani atakatwa, nani amekutana na nani usiku. Mwezi wa Julai John Magufuli akateuliwa Dodoma, na kabla mwezi haujaisha Edward Lowassa akahamia Chadema, na majina yakaanza kuandikwa upya. Oktoba, Magufuli alishinda kwa asilimia 58 na Lowassa akapata karibu 40. Msomaji aliyefuata habari zote hizo aliweza kukutajia nani alikuwa upande wa nani. Lakini ungalimwuliza wagombea wale walitofautiana wapi juu ya bei ya mbolea, au juu ya mshahara wa kibarua wa shamba la chai, angalikutazama tu. Nayo magazeti ya vyama, ya watu binafsi na ya Serikali, yote yalishiriki kosa hilo.

Hapo twaomba msomaji afuatane nasi hadi Ipelele. Ipelele ni kata ya Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, katika nyanda za juu kusini, kwenye baridi na ukungu, nchi ya viazi, ngano, pareto na miti ya mbao. Gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam huifuata barabara kuu hadi Iringa, kisha Makambako, mahali ambapo njia ya Njombe na Songea huachana na ile iendayo Mbeya na Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni kilomita 60 hivi. Kutoka Njombe hadi makao ya Wilaya ya Makete ni zaidi ya kilomita 100 nyingine za milima, na ndipo ifikiriwe Ipelele. Siku hizi simu ya mkononi huitangulia lori na basi, na habari ya Dodoma hufika Ipelele kabla ya chai ya asubuhi. Basi njia ya kushuka imekuwa fupi sana. Njia ya kupanda, yaani ya habari ya Ipelele kufika Dodoma, bado ni ndefu kama zamani.

Ni habari gani hizo ambazo hazipandi? Tutaje chache, si kwa kubahatisha bali kwa hesabu zilizotangazwa na vyombo vya Serikali yenyewe. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe, kati ya watoto walio chini ya miaka mitano, nusu wamedumaa. Hebu msomaji atulie juu ya neno hili. Mkoa huu ni ghala. Viazi vyake na mahindi yake hulisha miji, na malori hushuka Makambako yakiwa yamejaa usiku na mchana. Nao watoto wa wakulima wanaoyajaza malori hayo, nusu yao hawafikii kimo cha umri wao. Tena utafiti wa UKIMWI wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa mkoa huu, karibu 13 katika kila 100 wana virusi, hali wastani wa nchi nzima haufiki 5. Hakuna mkoa mwingine Tanzania Bara wenye kiasi kikubwa kuliko hicho.

Kisha yako mambo ya kila siku ya mkulima. Gunia la viazi hujazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba kikashonewa juu, naye mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na kila mwaka hutolewa hotuba za kuikataza, na kila mwaka lumbesa hupanda lori. Nani anashindwa kuizuia, na kwa sababu gani? Je, ni mnunuzi, ni mtumishi wa Halmashauri, au ni mkulima mwenyewe anayeogopa kubaki na viazi vyake vikioza? Hilo ndilo swali la siasa hasa. Linahusu nani ana nguvu na nani hana. Lakini halihesabiwi kuwa habari ya siasa, kwa kuwa halina jina la mkubwa ndani yake.

Twasema kwamba udumavu, UKIMWI na lumbesa ni siasa ya vyama kuliko mgogoro wowote wa kugombea vyeo. Chama kilichokuwa na diwani, mbunge na Serikali kwa miaka yote hii kina deni la kueleza. Chama kinachotaka kukiondoa kina deni la kueleza kitafanya nini zaidi. Gazeti lisilouliza maswali hayo kwa pande zote mbili halikuripoti siasa. Limeripoti mazungumzo ya barazani.

Wako wenzetu watakaosema: gazeti la chama ni mali ya chama; aliyelilipia hawezi kukubali limseme. Hoja hii ina sura ya kweli, lakini yafaa kuichungua. Chama ni nani? Ikiwa chama ni viongozi walioko ofisini leo, hoja ni sahihi. Lakini Katiba za TANU na CCM hazikusema hivyo kamwe. Zimesema chama ni wanachama, na kila mwanachama hutoa ahadi ya kusema kweli na kujitenga na fitina. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwenda mbali zaidi, ukawaonya viongozi juu ya kibri na ubabe mbele ya wale wanaowaongoza. Kwa hiyo mwanachama wa Ipelele anayelipa ada yake ni mwenye gazeti sawasawa na katibu wa Makao Makuu. Naye amelilipia, tena kwa viazi.

Mwezi wa Agosti 2021 jambo hili lilijitokeza waziwazi. Gazeti la Uhuru, likitegemea mahojiano ambayo Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Chama, alifanya na BBC, lilichapa kichwa cha habari cha kwamba hana wazo la kugombea urais mwaka 2025. Chama kikasema Mwenyekiti hakusema hivyo. Kikasimamisha uchapaji kwa siku 7, wakuu wa gazeti wakasimamishwa kazi, na Serikali nayo ikasitisha leseni kwa siku 14. Ilikuwa ajabu kuona gazeti la chama kinachotawala likifungiwa na Serikali ya chama hicho hicho.

Kumwekea mtu maneno mdomoni ni kosa kubwa la uandishi, na mhariri hana budi kulijibu. Lakini dawa ya habari isiyo sahihi ni masahihisho, yaliyochapwa mahali pale pale na kwa herufi zile zile. Kulifunga gazeti ni kumwadhibu msomaji asiyekosa. Tena tuangalie kosa lenyewe lilikuwa juu ya nini. Lilikuwa juu ya jina na cheo. Habari iliyotikisa chama na Serikali kwa wiki mbili ilikuwa juu ya mtu mmoja kugombea au kutogombea miaka minne baadaye. Hatukumbuki gazeti lolote kufungiwa kwa kukaa kimya juu ya watoto waliodumaa. Mhariri hujifunza upesi kutokana na mambo kama hayo. Hujua kwamba kusema kuna hatari na kunyamaza hakuna.

Lakini kunyamaza kuna hatari, tena kubwa kupita zote. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika wakati Chadema imewekwa nje ya uchaguzi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu yuko mahabusu kwa shtaka la uhaini. Siku ile ghasia zilizuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na watu wakauawa. Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia ameshinda kwa karibu asilimia 98 ya kura. Novemba ikaundwa Tume ya kuchunguza yaliyotokea. Katika siku zile mwananchi wa nyanda za juu mwenye mtoto wake Dar es Salaam au Mbeya hakuwa na mahali pa kupata neno la kuaminika. Magazeti ya nchini yaliandika machache kwa woga, na uvumi ukayajaza mengine yote. Mintaneti iliporudi, picha na maneno vikaja kwa mafuriko, ya kweli na ya uongo pamoja, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake, "Subiri tusome gazeti letu linasemaje." Imani ya namna hiyo haipatikani siku ya msiba. Hujengwa polepole katika siku za kawaida, kwa kuandika bei ya viazi kwa usahihi na kumtaja aliyekosea hata akiwa wa kwetu. Gazeti lisiloaminiwa juu ya lumbesa haliwezi kuaminiwa juu ya damu.

Basi tufanye nini? Hatuhitaji maazimio makubwa. Kwanza, gazeti la chama litenge ukurasa wa matawi kila juma, barua za wanachama zichapwe humo kama zilivyo, na ofisi inayolalamikiwa ipewe nafasi ya kujibu katika toleo linalofuata. Isipojibu, iandikwe kwamba haikujibu. Pili, maneno ya chama pinzani yaelezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Hoja iliyonyongwa nusu haijashindwa, na msomaji anajua. Tatu, kila mwenye kuomba cheo, tangu udiwani, aulizwe maswali yale yale kwa hesabu zile zile, na majibu yake yahifadhiwe ili aulizwe tena baada ya miaka mitano. Nne, kosa la gazeti lisahihishwe bila kufichwa, na chama kiyaone masahihisho hayo kuwa heshima.

Nanyi wanachama na wafanyakazi msingoje kuletewa. Kibarua wa chai wa Kibena, mfanyakazi wa stesheni ya Makambako, mkulima wa Ipelele: andikeni. Andikeni kwa tarehe, kwa kipimo na kwa mambo mliyoyaona kwa macho, mkiacha matusi na uzushi, maana barua yenye uzito wa gunia na bei yake haiwezi kubishiwa na mtu yeyote. Isipochapwa, andikeni tena, na tena mhoji katika mkutano wa tawi kwa nini haikuchapwa. Karatasi ile ndogo ya mwaka 1957 haikuwa na nguvu nyingine isipokuwa watu wa mbali waliothubutu kuiletea habari, na mhariri aliyethubutu kuzipokea. Wa kwanza ni ninyi, na wa pili ni sisi. Tushike kila mmoja zamu yake.